Nyuma ya Kioo na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Leo historia imeanza. Daftari hili nalificha chini ya godoro, lakini historia ina njia zake za kutoka.

Profesa ametuita ofisini, mimi na Bwana Dodoso. Mikataba yetu inaisha mwisho wa mwezi na utaongezwa mmoja tu. Ijumaa ya wiki ijayo kila mmoja wetu atawasilisha utafiti wa kutazama watu. Kutazama, si kuuliza! Atakayeupanga vizuri atabaki, na atakabidhiwa ufunguo wa chumba kipya cha kioo. Mwenzake atamwaga unga.

Dodoso si jina lake, nimempa mimi. Tumekaa meza moja miaka sita na sijamwona akimtazama mtu hata mara moja. Akitaka kujua jambo, anachapa karatasi ya maswali. Naamini hata mkewe alipojifungua alimpa ajaze: umefurahi sana, umefurahi kiasi, hujafurahi. Kutazama hawezi. Kazi ni yangu!

Nimewaeleza nyumbani wakati wa chakula. Mke wangu ameuliza nikishindwa itakuwaje, maana mshahara wake wa uuguzi hautufikishi popote. Nimemjibu kwamba neno kushindwa halimo katika saikolojia. Mama mkwe, aliye kwetu wiki ya tatu sasa akitibiwa goti, ameuliza kama ni kweli mtu mzima analipwa kwa kuchungulia wenzake. Ameuliza kwa upole. Huo upole ndio unaoniuma.

Jumanne, 5 Mei

Fundi wa majengo amenionyesha chumba. Kwa kweli ni viwili. Kikubwa kina dirisha, meza na sinki. Kidogo kilikuwa stoo ya karatasi, hakina dirisha. Katikati ya hivyo viwili ndipo kilipo kioo. Aliye chumba kikubwa anajiona mwenyewe. Aliye stoo anamwona yeye.

Fundi amesisitiza kwamba stoo lazima iwe giza. Ukiwasha taa humo, kioo kinakuwa dirisha la kawaida na utaonekana mpaka vifungo vya shati. Amesema mara tatu. Nimemwambia nina shahada mbili. Akasema hata hivyo.

Wazo limenijia nikipanda ngazi. Nitahamishia chai ya idara kwenye chumba kikubwa! Chupa ya chai, vikombe, sponji, sabuni, na kibao ukutani: OSHA KIKOMBE CHAKO. Swali langu: je, mtu huosha kikombe chake asipoonwa? Ukiwauliza, wote huosha. Ukiliangalia sinki la idara, hajawahi kuosha mtu tangu jengo lijengwe.

Dodoso ameniuliza nafanya nini. Nimemwambia hali ya hewa.

Jumatano, 6 Mei

Kamati ya Maadili. Nilikuwa nimepanga kwa ujanja mkubwa. Niliandaa fomu ya kuuliza kila mtu anapenda sukari vijiko vingapi, na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, nikaandika kwamba anakubali kutazamwa. Nani husoma chini?

Mwenyekiti wa kamati husoma chini. Alivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akasoma kwa sauti, akaniuliza kama na mimi ningependa kusainishwa kwa mtindo huo. Nikasema hapana. Nimeagizwa niandike wazi: kwamba wiki ijayo mtu anaweza kutazamwa katika chumba cha chai, na akikataa atapelekewa chai ofisini kwake. Wote wametia saini, hata Dodoso, huku akitabasamu.

Ni ushindi. Watajua kwamba watatazamwa. Lini na vipi, hawajui. Aliyependekeza mpango huu ni mwenyekiti, lakini aliyekuwa ameketi mbele yake akimtia hamasa ni mimi.

Alhamisi, 7 Mei

Profesa ameleta mkosi. Anasema mtazamaji mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili, wa pili asiwe mtu wa idara, asijue natarajia nini, na aandike peke yake bila kuchungulia karatasi yangu. Mwisho tulinganishe. Tukikubaliana, macho yetu yataaminika.

Nitampata wapi? Mke wangu yuko wodini. Jirani anataka nauli, chakula na barua ya utumishi. Nimerudi nyumbani nimenuna, nikamkuta mama mkwe kwenye kiti changu mbele ya televisheni, mguu juu ya mto, na hapo ubongo ukanifunguka kama mlango.

Mama mkwe alisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja! Anaweza kukaa saa nne bila kupepesa. Wanafunzi walioiba majibu mbele yake mpaka leo, wakiwa na wajukuu, wakimwona barabarani wanavuka upande wa pili. Tena akichoshwa na kazi yangu atalala mapema, na kiti changu kitakuwa wazi jioni. Nafuu mbili kwa mpigo!

Amekubali. Sharti lake ni moja, kwamba mambo yafanywe sawasawa. Nimesema bila shaka, mama. Sijui kwa nini jasho limenitoka.

Ijumaa, 8 Mei

Mazoezi. Nimemfundisha alama tatu: ameosha, amesuuza, ameacha. Amekataa ya pili. Anasema kusuuza ni kuacha kwa adabu. Kuosha ni ndani, nje, mkononi na kitakoni pa kikombe, kisha kukausha. Nimejaribu kueleza kwamba katika sayansi tunafafanua mambo mapema. Akasema ndiyo, ameshafafanua. Nimefuta alama ya pili.

Halafu taa. Tumeingia stoo, tumekaa gizani. Mama mkwe ameuliza kama ndivyo tutakavyokaa, yeye na mkwewe, gizani, mlango umefungwa. Nilikosa pa kuweka uso. Akaongeza kwamba haoni anachoandika. Nikaanza kusema fundi alieleza... Akavua miwani, akaifuta taratibu, akanitazama bila miwani.

Mkwe habishiwi. Nimewasha taa. Ni balbu ndogo tu. Fundi naye anapenda kukuza mambo, ndiyo tabia ya mafundi.

Ukiwa ndani na taa inawaka, unawaona watu, na juu yao unaona sura yako hafifu ikielea. Inapendeza. Nimegundua nafanana na mtu muhimu.

Jumatatu, 11 Mei

Siku ya kwanza. Mungu wangu! Sayansi haijawahi kuona mambo kama haya.

Mtu namba moja alikuwa katibu muhtasi wa idara, mwanamke ambaye vikombe vyake huota ukungu. Ameingia. Ametazama kioo. Ameshtuka. Kisha ameweka mkono kifuani, akainama, akaamkia. Ameamkia kioo! Amekunywa chai amekaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Ameosha kikombe, ndani na nje, akakikausha, akakiinua mbele ya kioo kama mtoto anayeonyesha daftari lake lisahihishwe.

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Nikamnong'oneza kwamba hatupaswi kuitikia. Akasema mtu akikuamkia unamwitikia, ulilelewa wapi.

Namba mbili, mlinzi. Amevua kofia mbele ya kioo. Ameosha. Namba tatu, mkutubi. Amefunga kifungo cha juu. Ameosha. Watu kumi na moja, wote wameosha, na tisa wamekiamkia kioo!

Nimeandika kwa herufi kubwa: MTU AKIWA PEKE YAKE HUJIHESHIMU. Akijiona kiooni hujiamkia! Nimefanya kazi na watu hawa miaka sita nikiwadhania wachafu. Machozi yalinilenga kidogo.

Jioni nimelinganisha karatasi. Namba sita mimi nimeandika ameosha, mama mkwe ameandika ameacha. Kitako, akasema. Nimechukua ufutio nikarekebisha yangu. Tumekubaliana kwa asilimia mia.

Jumanne, 12 Mei

Watu kumi na watatu. Wote wameosha!

Namba tisa ndiye kilele. Mwalimu wa takwimu, jitu la miraba minne. Amesuuza kwa haraka, akashika njia. Mlangoni akageuka, akatazama kioo, akarudi. Ameosha. Akatazama kioo. Ameosha tena. Mara tatu! Mama mkwe pembeni yangu alikuwa anatingisha kidole. Nadhani ni baridi yabisi, nitamwambia mke wangu amletee dawa ya kuchua.

Kisha akaingia Dodoso. Nilikaa vizuri. Nilimngoja huyu! Kwenye dodoso lake mwenyewe la mwaka jana aliandika kwamba huosha kikombe daima, na meza yetu ina miduara ya chai kama shabaha ya mishale. Ameingia, ametazama kioo, akacheka kidogo, akainama mpaka kiunoni. Ameosha kikombe chake. Ameosha na cha namba nane kilichosahauliwa juu ya kabati. Amepangusa meza. Amekunja kitambaa pembe nne. Ameinama tena, akatoka.

Mnafiki! Mtu anayejifanya hata mbele ya kioo kitupu! Mama mkwe amesema huyo kijana ana adabu lakini macho yake hayatulii. Ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana bila ufutio.

Jumatano, 13 Mei

Msiba. Umeme umekatika jengo zima saa mbili na nusu asubuhi.

Chumba cha chai kina dirisha, hakina shida. Stoo ni giza totoro. Nimemwomba mama mkwe turudi nyumbani. Amesema hajawahi kutoka kwenye chumba cha mtihani kabla ya muda, na kwa kuwa mlango sasa unaweza kuachwa nusu wazi kule nyuma, penye kikorido cha giza, hana neno. Ataandika kwa kupapasa.

Mimi nilikwenda kumtafuta fundi. Nimemkuta kwenye swichi kuu akinywa maji. Nimemwambia anaharibu kazi ya karne. Amejibu kwamba waya umeungua na karne ingoje. Tumebishana korido nzima, mpaka watu wakafungua milango. Saa sita ndipo taa zikawaka.

Nimerudi, mama mkwe amefura. Anasema watu wa leo ni hovyo, na kwamba hawa si wale wa jana. Nimemtuliza. Giza huchosha macho, na macho yakichoka huona mabaya. Nimeandika kwenye karatasi yangu: SIKU BATILI. Sikutaka hata kuona alichoandika. Daftari lake amelitia mkobani akiwa ameuma meno.

Alhamisi, 14 Mei

Taa inawaka, maajabu yamerudi! Watu kumi, wote wameosha. Katibu muhtasi amekuja na sponji mpya aliyonunua mwenyewe.

Nimejumlisha. Siku tatu safi, watu thelathini na wanne, wote wameosha ila yule mmoja wa kitako. Thelathini na mmoja wamekiamkia kioo. Watazamaji wawili wamekubaliana kwa asilimia mia. Hata wanaoandika vitabu hawafikii asilimia mia!

Usiku huu mke wangu ameniuliza kama nina hakika. Nimeona mikono yake imeshika kikombe kwa nguvu. Nikataka kumwambia kweli, kwamba tangu Jumatatu ile nalala nikihesabu siku za mwezi zilizobaki, kwamba naogopa. Nikasema nina hakika.

Ijumaa, 15 Mei

Nitasema yote kwa utaratibu.

Dodoso alianza. Aliwatazama watu wakisubiri lifti, kisha, hakuweza kujizuia, akawapa dodoso kuuliza walijisikiaje walipokuwa wanasubiri. Profesa alijikuna kidevu. Moyo wangu ukacheza!

Nikapanda mimi. Nilieleza asilimia zangu. Nilieleza heshima ya mtu kwa nafsi yake mbele ya kioo. Kwenye viti nilisikia kikohozi, kisha kingine. Katibu muhtasi alijifunika uso kwa faili. Mwalimu wa takwimu alikuwa anatikisika mabega. Nilidhani wameguswa.

Profesa aliinua karatasi zangu kwenye mwanga, akauliza mbona zimefutwafutwa. Nikasema ni umakini. Hapo Dodoso akanyanyuka kwa sauti ya asali, akapendekeza wote waende chumba cha chai wajionee kazi ilivyofanyika. Nikamshukuru! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nakishukuru.

Wakaingia chumba cha chai, Profesa mbele. Mimi na mama mkwe tukaingia stoo. Nikawasha taa kama kawaida. Nikakaa. Nikashika kalamu.

Watu kumi na wanane upande wa pili walinitazama machoni. Si kioo. Mimi. Profesa akaweka mkono kifuani, akamwamkia mama mkwe. Mama mkwe akaitikia. Kisha Profesa akaninyooshea kidole, akaonyesha balbu juu ya kichwa changu.

Fundi. Vifungo vya shati. Hata hivyo.

Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu. Siku tatu nzima nilikaa pale kama kitambaa cha kuuzwa dirishani. Walikuwa wanamwamkia mama mkwe! Waliona nikipiga miayo, nikijichokonoa sikio kwa kalamu. Kicheko kilipita kioo, kikapita ukuta. Dodoso alicheka mpaka akashika sinki. Nilimfikiria mke wangu na kile kikombe.

Tulipotoka, Profesa alisema kwa huruma kwamba utafiti haupo, maana tumepima tu jinsi watu wanavyoosha vyombo mbele ya bibi mkali. Ndipo mama mkwe akafungua mkoba. Akasema hajamaliza. Akasema mtihani una siku nne na yeye ana karatasi za siku nne.

Akampa daftari lake. Profesa akasimama, akasoma. Akafungua Jumatano. Akasoma tena, akaacha kutabasamu. Jumatano, stoo ikiwa giza, walikuja watu kumi na wanne. Waliosha wawili. Wawili tu! Kwa kila mtu ameandika saa, dakika na tendo, kwa herufi kubwa zilizopandana.

Profesa akamwomba asome. Mama mkwe akavaa miwani. Saa nne na dakika kumi, mama wa mafaili: amemwaga chai kwenye chungu cha ua. Saa nne na ishirini, mnene wa hesabu: amesuuza kwa mate. Saa nne na nusu, kijana mwenye macho yasiyotulia, yule aliyekunja kitambaa jana: ameficha kikombe kichafu chini ya kisafi, amefuta mdomo kwa pazia, ametoka akipiga mluzi.

Dodoso aligeuka rangi. Kicheko safari hii hakikuwa cha kunicheka mimi. Mwanga, mwanga, giza, mwanga, alisema Profesa akihesabu kwa vidole. Watu wale wale, vikombe vile vile, kilichobadilika ni kuonwa tu. Akasema huu ndio mpango mzuri kuliko wote alioletewa mwaka huu. Asilimia zangu za ufutio zitupwe, lakini daftari hili ni dhahabu. Kisha akauliza ni nani aliyefikiria kuzima taa Jumatano.

Mama mkwe alivua miwani, akanitazama. Nikajua nimekwisha, huyu mtu hajawahi kumfichia mwongo miaka thelathini na mmoja. Akasema Jumatano asubuhi nzima mkwewe alikuwa koridoni na fundi akipigania hiyo taa, jengo zima lilimsikia. Watu wakaitikia kwamba kweli walimsikia.

Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja! Ufunguo wa chumba cha kioo amekabidhiwa mama mkwe, kama mtazamaji mkuu, siku mbili kwa wiki. Mimi ni msaidizi wake. Dodoso amepelekwa ofisi ya udahili, ambako kuna fomu mpaka darini. Nilimwona akitoka, amefurahi kiasi.

Njiani kurudi mama mkwe aliniambia jambo moja tu, kwamba hakudanganya, na kwamba hatafanya hivyo tena. Nimemkumbatia mke wangu mlangoni mpaka akauliza nani amekufa.

Jumapili, 17 Mei

Nimetafakari siku mbili nzima. Ukweli ni kwamba nilipanga kila kitu, ila ubongo wangu ulikwenda mbele bila kuniarifu. Kipaji ndivyo kilivyo.

Sasa nimeanza utafiti mpya, mkubwa zaidi. Swali: watu wa nyumbani husema nini juu ya baba mwenye nyumba wasipomwona? Niliaga kwamba naenda matembezi, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Sasa nimesimama nyuma ya pazia la sebuleni. Mawingu ya mvua yametanda, humu ndani kumekuwa kiza, lakini nimejifunza kujiandaa. Nimenunua tochi kubwa ya kuandikia. Ninalimulika daftari vizuri kabisa.

Matokeo ni ya ajabu! Mke wangu ameingia, ametazama pazia, akasema kwa sauti kwamba mumewe ni mchapakazi, na siku akikumbuka bomba la bafuni linalovuja atakuwa hana kasoro. Nimeandika. Mama mkwe ameingia, amelitazama pazia muda mrefu, akapumua, akaliambia lisikae sana, litaumwa miguu. Ugunduzi mpya: wazee husemesha mapazia!

Kisha amekuja na kikombe cha chai, akakiweka sakafuni karibu na miguu yangu bila sababu yoyote ya kisayansi, akatoka. Nimekinywa. Kilikuwa na sukari vijiko viwili, kama nipendavyo.

Kikombe nimekisukuma chini ya kochi. Nani ataniona?